Uchunguzi wa sonona: Alama pekee hazimtoshi muuguzi

WAUGUZI wa zahanati na vituo vya afya mkoani Singida mara nyingi ndio wa kwanza kukutana na mgonjwa anayelalamika kukosa usingizi, uchovu na "mawazo mengi". Wasipofundishwa kutumia dodoso la sonona ipasavyo, mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani bila msaada au kupewa dawa ya ugonjwa asio nao.

Dodoso linalotumika sana duniani ni PHQ-9, lililotungwa na watafiti wa Marekani Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke. Lina maswali tisa kuhusu hali ya mtu katika wiki mbili zilizopita. Kila jibu hupewa alama kuanzia 0, kwa asiyesumbuliwa kabisa, hadi 3, kwa anayesumbuliwa karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27.

Utafiti uliofanyika nchini Tanzania na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa kikomo cha alama 9 kiliwabaini watu 78 kati ya kila 100 wenye sonona, na kuwatambua kwa usahihi 87 kati ya kila 100 wasio nayo.

Hata hivyo, takwimu hizo zinahitaji kusomwa kwa makini. Chukua mfano wa watu 100 wanaochunguzwa, ambao 10 kati yao wana sonona. Dodoso litawabaini wanane hivi na kuwakosa wawili. Wakati huo huo, takriban 12 wasio na sonona nao watafikisha alama hizo. Hivyo, kati ya watu 20 watakaoonekana kuwa na tatizo, zaidi ya nusu hawaumwi sonona.

Kwa sababu hiyo, alama humwelekeza muuguzi kuuliza zaidi. Hazimpi jina la ugonjwa. Uchovu na kukosa hamu ya kula huweza kuletwa na malaria, kifua kikuu au ujauzito.

Aidha, lugha ina uzito wake. Mzee aliyezoea Kinyaturu au Kinyiramba huenda asielewe swali la Kiswahili sanifu. Muuguzi anayelifafanua kwa maneno yake, au anayeuliza "huna tatizo hili, siyo?", hubadilisha swali lenyewe na alama hupoteza maana.

Swali la tisa, linalohusu mawazo ya kufa au kujidhuru, ndilo gumu kuliko yote. Kuliruka kwa aibu, au kuliuliza mbele ya ndugu na foleni ya wagonjwa, ni hatari. Jibu lolote lisilo 0 linadai mazungumzo ya faragha siku hiyo hiyo, hata kama jumla ya alama ni ndogo.

Mafunzo yanayofaa, basi, huwapa wauguzi nafasi ya kuigiza mahojiano, kumpima mtu mmoja wakiwa wawili na kulinganisha alama, kisha kusahihishana. Vilevile huwaeleza wapi pa kumpeleka mgonjwa aliyezidiwa, ikiwamo Hospitali ya Mirembe katika mkoa jirani wa Dodoma. Kumchunguza mtu bila kujua hatua inayofuata ni kumwacha na tatizo lake.