Ada ya Mkutano kwa Mkutubi, Faida kwa Mgonjwa

Ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa wilayani Bukoba Machi 2023, na tena Biharamulo Januari 2025, watumishi wa afya mkoani Kagera, wakiwemo wa Karagwe na Kyerwa, walihitaji taarifa sahihi kwa haraka: dalili zake, namna ya kujikinga na namna ya kumtenga mgonjwa. Taarifa za namna hiyo zimejaa mtandaoni, pamoja na uvumi. Mtaalamu wa kuzitafuta na kuzichuja ni mkutubi.

Tangu mwaka 2002, mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani huziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida na vitabu vya tiba. Tanzania imo katika kundi lisilotozwa ada. Hospitali na vyuo huweza kujisajili; nywila hupewa taasisi, si mtu binafsi. Hata hivyo, nywila pasipo mtu wa kuwafundisha wenzake ni ufunguo uliotundikwa ukutani.

Ujuzi huo hukuzwa, pamoja na njia nyingine, katika mikutano ya kitaaluma, kama ile ya AHILA, chama cha maktaba na taarifa za afya barani Afrika kilichoanzishwa mwaka 1984. Baadhi ya mikutano ya wakutubi hutoa tuzo ya usajili. Mshindi hakabidhiwi fedha, bali husamehewa ada ya kuhudhuria. Mara nyingi nauli na malazi hubaki juu yake au juu ya mwajiri. Kwa anayetoka Kayanga au Nkwenda, Dar es Salaam iko umbali wa zaidi ya kilomita 1,000. Hivyo tuzo isiyoambatana na nauli yaweza kupotea bure. Pale ushiriki wa mtandaoni unaporuhusiwa, uombwe mapema.

Mwombaji asome masharti kwa makini, aeleze kazi anayoifanya na rasilimali za kidijitali, apate barua ya mwajiri, na aoneshe jinsi atakavyowafundisha wauguzi na matabibu arejeapo. Mwajiri naye atenge nauli katika bajeti, na ampe muda wa kufundisha.

Nawe mgonjwa, usisite kumuuliza anayekuhudumia: ushauri huu umetoka wapi? Swali hilo ni haki yako, na maktaba iliyo hai humsaidia kukujibu.