Kipima mionzi kinataka mtu wa kukisoma

Mwishoni mwa Septemba 1987, mjini Goiânia, Brazili, mtaalamu mmoja wa fizikia aliazima kipima mionzi kinachotumiwa na watafiti wa madini ya urani. Alipokiwasha njiani, kipimo kilipanda hadi mwisho, kila alikokielekeza. Akadhani kibovu, akarudi kuchukua kingine. Nacho kikafanya vilevile. Alipofika ofisi ya afya aliwakuta zimamoto wakitaka kuubeba mzigo uliokuwa pale wakautupe mtoni. Akawazuia.

Mzigo huo ulikuwa mabaki ya sesiamu-137 kutoka mashine ya kutibu saratani, iliyotelekezwa kliniki ilipohama. Waokota chuma chakavu waliifungua, na unga uliong'aa buluu gizani ukagawanywa kwa ndugu na marafiki. Watu wapatao 112,000 walipimwa, 249 wakakutwa na mionzi, wanne wakafariki, mmoja wao mtoto wa miaka 6. Aliyeshtuka kwanza hakuwa na kifaa chochote. Mke wa mnunuzi wa chuma chakavu aliona watu wa nyumbani wanaugua mmoja baada ya mwingine, akahakikisha mabaki yale yamefika ofisi ya afya, kwa basi. Naye hakupona.

Nayakumbuka haya kila ninaposoma kuhusu fedha za serikali ya Marekani za kunasa mionzi haramu mijini. Mpango wake, Securing the Cities, ulianzia New York mwaka 2006, ukafika Los Angeles, Washington, Houston na Chicago. Kinachohofiwa ni bomu la kawaida lililochanganywa na vitu vyenye mionzi, na askari hupewa vipima mionzi vidogo vya kuvaa kiunoni.

Vifaa hivyo hulia, na mara nyingi humlilia asiye na hatia: abiria aliyenyweshwa iodini ya mionzi juzi kutibu tezi ya shingo, au lori la vigae. Askari hana budi kujua la kuuliza, kutumia kifaa cha pili kinachotambua aina ya mionzi, na kumwachia mgonjwa aende zake bila kumwaibisha. Tena urani iliyofunikwa vizuri kwa risasi inaweza kupita kifaa kikiwa kimya. Kazi hii haifanywi na mtu aliyefunzwa mara moja akasahauliwa.

Mwaka 2019 wakaguzi wa Bunge la Marekani walieleza kwamba wizara inayousimamia mpango huo haikufuatilia kikamilifu jinsi miji inavyotumia fedha hizo, na maafisa wa miji walikuwa na wasiwasi wa kuuendeleza uwezo huo ruzuku ikiisha. Hilo linanitisha kuliko uchache wa vifaa. Betri huchoka, vipimo hupotoka, askari waliofunzwa huhamishwa au hustaafu, ilhali sesiamu huchukua miaka 30 kupungua nusu tu. Kabla mji haujakabidhiwa kifaa hata kimoja, uonyeshe kwenye bajeti yake nani atakihudumia mwaka wa kumi, na nani atamfundisha askari mpya atakayekivaa.