Kisigino Kinapouma Alfajiri



Wasomaji wetu watukufu, yapo maumivu ambayo mtu huona haya kuyataja. Hayamlazi kitandani wala hayaonekani kwa macho, lakini humharibia siku yake tangu anapoinuka kwa sala ya alfajiri. Miongoni mwao ni maumivu ya kisigino.

Mama mmoja wa mtaa wetu, aliyetutaka tumhifadhi jina lake, ni mpika mahamri. Kwa miaka mingi amesimama mbele ya karai juu ya sakafu ya saruji, tangu kabla ya adhana hadi jua lichomozapo, miguuni ana ndara nyembamba. Mwaka jana akaanza kuhisi kama anakanyaga msumari kila aliposhuka kitandani. Akitembea hatua kadhaa hupata nafuu, kisha jioni maumivu humrejea. Alikandwa, akapakwa, akadungwa sindano. Nafuu ikaja, ikaondoka. Kilichomliza hasa ni hofu. Alikuwa ameweka akiba ya umra kidogo kidogo, akajiuliza atatufu vipi ikiwa hata uani anakwenda kwa kushika ukuta.

Ugonjwa wenyewe

Chini ya wayo pana ukano mpana na mgumu, ulioshikana na mfupa wa kisigino na kunyooka hadi kwenye vidole. Kazi yake ni kuushika uvungu wa wayo, kama ugwe unavyoushika upinde usifunguke. Ukibebeshwa mzigo mkubwa kila siku bila ya mapumziko, huchakaa na kuuma pale uliposhikana na mfupa. Usiku mguu ukipumzika, ukano hujivuta na kukaza. Hatua ya kwanza ya asubuhi huunyoosha kwa ghafla, na ndiyo maana hatua hiyo huwa chungu kuliko zote.

Maradhi haya huwapata zaidi watu wa umri wa kati ya miaka 40 na 60, wenye uzito mkubwa, wasimamao kwa muda mrefu, na ambao misuli ya mashavu ya miguu yao imekaza. Sisi wa Pwani tuna ziada yetu: sakafu ngumu, ndara zilizolika, na mazoea ya kutembea miguu mitupu nyumbani.

Wengi wakipigwa eksirei huonyeshwa kijifupa kilichochomoza kisiginoni, wakadhani hicho ndicho kinachowachoma. Kijifupa hicho huonekana pia kwa watu wengi wasiohisi maumivu yoyote. Basi kisiwe sababu ya kukimbilia kisu.

Mazoezi matatu ya nyumbani

La kwanza hufanywa kabla ya kukanyaga chini. Keti ukingoni mwa kitanda, uweke mguu unaouma juu ya paja la mguu wa pili. Vishike vidole, uvivute kuelekea muundi mpaka uhisi wayo umevutika. Hesabu hadi 10, kisha uachie. Rudia mara 10, na ufanye hivyo mara tatu kwa siku.

La pili ni la ukutani. Elekea ukuta na uuegemee kwa mikono, mguu unaouma uwe nyuma, goti limenyooka na kisigino kimegusa sakafu. Egemea mbele polepole mpaka shavu la mguu livutike, usubiri sekunde 30. Kisha kunja kidogo goti la nyuma bila ya kuinua kisigino, usubiri sekunde 30 nyingine. Hapo hufikiwa msuli wa ndani. Rudia mara tatu.

La tatu ni la kutia nguvu. Kunja taulo, uiweke kwenye kipandio cha ngazi ili vidole vipate kuinuka juu yake, visigino vikining'inia. Shika ukuta. Inuka kwa sekunde 3, subiri sekunde 2, shuka kwa sekunde 3. Fanya leo, pumzika kesho. Anza kwa miguu yote miwili, na nguvu zikizidi uhamie kwenye mguu mmoja. Watafiti wa Denmark walililinganisha zoezi hili na kunyoosha wayo peke yake, wakaona kwamba baada ya miezi mitatu walioinua visigino walikuwa na nafuu zaidi. Ulipotimia mwaka, makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana.

Maumivu yakizidi, viringisha chini ya wayo chupa ya maji yaliyoganda, iliyofungwa kitambaa. Mwenye kisukari ambaye miguu yake imekufa ganzi asifanye hivyo, kwani baridi inaweza kumdhuru asitambue. Ndani ya nyumba vaa viatu safi vyenye kisigino laini na kinene.

Kukandwa shavu la mguu kwa mafuta huburudisha, lakini hakuchukui nafasi ya mazoezi. Sindano nazo huweza kutuliza kwa wiki chache. Zikikaririwa, huenda zikaudhoofisha ukano hata ukakatika. Dawa kubwa ni subira: wengi hupona bila ya upasuaji, ila huchukua miezi, na wengine hufikia mwaka.

Katika sala

Katika kikao cha iftirashi, wayo wa kulia husimamishwa na vidole vikakunjwa kuelekea kibla. Hapo ukano huvutika kama katika zoezi la kwanza, na mwenye maumivu makali huona taabu. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamebainisha kwamba namna hiyo ya kukaa ni sunna, na kikao chochote chatosheleza. Imamu Bukhari amepokea kuwa Imran bin Huswayn, Allah amridhie, alipougua, Mtume (S.A.W.) alimruhusu aswali kwa kukaa ikiwa hawezi kusimama, na kwa ubavu ikiwa hawezi kukaa. Mwenye shaka juu ya hali yake na amuulize ustadhi wake, wala asiuache msikiti kwa haya.

Wakati wa kumwona daktari

Usingoje ikiwa kisigino kimevimba, kina joto au ganzi, ikiwa una homa, au maumivu yanakuamsha usiku. Shavu la mguu mmoja likivimba ghafla na kuuma, usilikande kabisa. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwani huenda ni damu iliyoganda mshipani. Mwenye kisukari asipuuze kidonda chochote cha mguu. Na anayejiita mtaalamu wa tiba ya viungo, muulize usajili wake; sheria ya Kenya ya mwaka 2014 imeweka baraza la kuwasajili.

Haki ya mwili

Mama yetu alielekezwa mazoezi haya katika hospitali ya umma. Mwezi wa kwanza hakuona tofauti, akakaribia kuyaacha. Sasa ni mwezi wa tano. Mbele ya karai ametandika mkeka mnene, na pembeni ameweka kigoda cha kupumzikia. Hajapona kabisa, lakini ukuta haushiki tena. Kila baada ya Alasiri hutembea, akiongeza mwendo kidogo kidogo, kwa kuwa anajua kwamba kutufu ni mizunguko saba, na saai baina ya Safa na Marwa ni takriban kilomita 3.

Mtume (S.A.W.) alimfunza Abdullah bin Amr, aliyejitaabisha kwa ibada, kwamba mwili wake nao una haki juu yake. Dakika chache ukingoni mwa kitanda kabla ya kwenda kutawadha ni sehemu ya haki hiyo. Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu na amjaalie mama yetu kuifika Nyumba yake kwa miguu yake mwenyewe. Amin.

Wabillahi tawfiq.