Mjue dundu anayerusha asidi machoni

Ndugu mfugaji, watoto wanaochunga mbuzi hupenda kumchokoza kila mdudu wanayemkuta njiani. Yupo dundu mmoja asiyefaa kuchezewa, kwa kuwa anaweza kumwumiza mtoto macho. Wataalamu humwita Anthia. Wapo wa aina nyingi, na huishi katika nyika na maeneo makavu ya Afrika.

Utamtambuaje?
• Ni mkubwa, aghalabu sentimita 3 hadi 5, na ni mweusi. Wengi wana madoa meupe au ya njano mgongoni.
• Ana miguu mirefu na hukimbia ardhini kwa kasi. Hawezi kuruka angani.
• Ana mataya makubwa yanayochomoza mbele ya kichwa.

Usimchanganye na dundu anayeviringisha kinyesi. Huyo ni mnene, miguu yake ni mifupi na harushi asidi. Wala si yule mwenye mistari myekundu au ya njano anayekaa juu ya maua. Huyo naye msimguse, maana majimaji yake hutoa malengelenge, na akiliwa pamoja na majani anaweza kudhuru mifugo.

Anajilindaje?
Anthia akishikwa au kubanwa, hurusha asidi kwa sehemu ya nyuma. Ni asidi ya aina waliyo nayo majimoto, wale chungu wekundu wa mitini. Ikiingia jichoni huchoma vikali na inaweza kulijeruhi jicho. Mbwa au ndama akimnusa, naye anaweza kupatwa.

Asidi ikiingia jichoni
1. Osha jicho mara moja kwa maji safi yanayotiririka, kwa dakika 15 hadi 20. Fungua kope ili maji yaingie.
2. Mtoto asifikiche jicho.
3. Usitie maziwa, mkojo wala dawa ya majani.
4. Mpeleke kituo cha afya hata kama maumivu yamepungua.
Mnyama naye mwoshe hivyo hivyo, kisha umwite afisa mifugo.

Je, auawe?
Hapana. Hali nyasi, hanyonyi damu na haleti ugonjwa bomani. Chakula chake ni wadudu wengine. Mwonyeshe mtoto alama zake, umwambie: huyu mwangalie kwa macho, mpishe apite.