Siri ya mstari safi: Jinsi ya kufunika kigari cha mfano kabla ya kupuliza rangi

KATIKA vijiji vya Ganze, kama ilivyo kwingi katika Kaunti ya Kilifi, wengi waliokulia huko waliwahi kuunda gari kwa mikono yao wakiwa watoto. Waya uliookotwa, kopo la mafuta ya kupikia na vipande vya ndara zilizochakaa vilitosha kutengeneza lori la kusukumwa njia nzima kutoka nyumbani hadi kisimani.

Kwa walio wengi, mchezo huo huishia utotoni. Kwa wachache hugeuka kuwa ufundi. Kopo hupisha kadibodi, plaiwudi na plastiki, nalo lori la mtoto huwa matatu ya mfano yenye viti, vioo na milango inayofunguka, kazi inayoweza kuwekwa juu ya meza ya sebuleni au kuuzwa kwa wageni wanaotafuta kazi za mikono huko Kilifi, Watamu na Malindi.

Hata hivyo, kinachotenganisha mchezo na kazi ya kuuzwa aghalabu si umbo bali ni rangi. Nayo rangi nzuri ya kigari haipakwi kwa brashi ya nywele, ambayo huacha michirizi, bali hupulizwa kwa kopo la kupulizia au kwa brashi ya hewa, kifaa kidogo mithili ya kalamu kinachotumia hewa ya kompresa kutawanya rangi kama ukungu.

Hapo ndipo penye mtihani. Fundi anaweza kutumia wiki mbili kuunda mwili wa kigari, kisha akauharibu kwa dakika mbili. Rangi ya buluu ikipenya chini ya tepu na kuvamia mstari wa manjano, mstari huo hutoka na meno kama ya msumeno. Kuusafisha kwa thina huondoa rangi zote mbili, na pengine kuyeyusha plastiki yenyewe. Linalobaki ni kushika msasa na kuanza upya.

MSTARI WA MANJANO

Hakuna mfano unaofaa kueleza jambo hili kuliko mstari wa manjano wa matatu. Mwaka wa 2003, John Michuki akiwa Waziri wa Uchukuzi, serikali ilichapisha kanuni zilizokuja kujulikana na wananchi kama Sheria za Michuki. Zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, pamoja na mikanda ya usalama na vidhibiti mwendo, matatu zilitakiwa kuwa na mstari wa manjano usiokatika wenye upana wa milimita 150 ubavuni na nyuma.

Ingawa matatu nyingi zimekuja kujaa michoro ya kila aina, mstari huo umebaki akilini mwa watu kama alama ya gari la abiria. Kigari cha mfano kisichokuwa nao, hata mtoto atakikosoa.

Sasa tupige hesabu. Gari aina ya Toyota Hiace lina urefu wa takriban mita 4.7. Likiundwa kwa kipimo cha moja kwa 24, kigari hicho huwa na urefu unaokaribia sentimita 20, na mstari wake wa manjano hubakia na upana wa milimita 6 na robo tu. Rangi ikivuja kwa nusu milimita, kosa hilo ni sawa na kuvuja kwa milimita 12 kwenye gari halisi. Jicho haliwezi kulikosa.

Tatizo hili si geni, na wala si la vigari pekee. Tepu ya karatasi inayotumika gereji kote duniani ilibuniwa mwaka wa 1925 na Richard Drew, mfanyakazi wa kampuni ya 3M nchini Marekani. Wakati huo magari ya rangi mbili yalikuwa yakipendwa sana, na wapaka rangi walikuwa wakifunika kwa karatasi na gundi kali iliyong'oa rangi wakati wa kubandua. Drew alitafuta gundi inayoshika vya kutosha, lakini inayokubali kuachia. Kanuni hiyo ndiyo inayomwongoza fundi hadi leo.

RANGI NYEPESI KWANZA

Hatua ya kwanza ni mpangilio wa rangi. Wengi hupuliza mwili mzima kwa rangi iliyokoza, kisha wakajaribu kuweka manjano juu yake. Manjano ni rangi dhaifu. Ikiwekwa juu ya buluu hugeuka kijani kibichi au huhitaji tabaka nyingi zinazofanya mstari uvimbe kama kovu.

Njia bora ni kinyume chake. Puliza praima nyeupe, ilainishe kwa msasa mwembamba sana, kisha puliza manjano mahali mstari utakapokaa, ukizidisha kidogo juu na chini. Ikishakauka, ifunike kwa tepu yenye upana wa mstari unaoutaka. Ndipo buluu ipulizwe mwili mzima. Tepu ikibanduliwa, mstari wa manjano unajitokeza wenyewe.

Neno "ikishakauka" lisichukuliwe kwa wepesi. Rangi inayochanganywa kwa maji huweza kufunikwa baada ya saa chache, lakini rangi ya mafuta huhitaji siku nzima au zaidi. Tepu ikibandikwa juu ya rangi mbichi itaondoka nayo.

KUANDAA TEPU

Tepu ya karatasi ya rangi ya maziwa inayouzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi inaweza kutumika, lakini si moja kwa moja kutoka kwenye gurudumu lake. Kingo zake hunasa vumbi na nyuzi, na kila uzi ni mlango wa rangi kupenyea. Ibandike kwenye kipande cha kioo kisafi, kisha ukate ukingo mpya kwa rula ya chuma na wembe ambao haujatumika. Kioo hicho pia hupunguza ukali wa gundi. Wengine hubandika tepu kwenye kiganja kwa kusudi hilo, lakini katika joto la Pwani kiganja kina jasho, na jasho huzuia tepu na rangi kushika.

Mahali palipopinda, mathalani kwenye kona za nyuma za kigari, tepu pana hukunjana. Kata ukanda wa milimita moja au mbili. Huo hufuata mpindo bila kukaidi. Baada ya ukanda huo kukaa sawasawa, sehemu iliyobaki hufunikwa kwa tepu pana au karatasi.

Gazeti la jana hutumiwa sana gereji kwa kazi hii, na si vibaya, ila liwekwe tabaka mbili. Thina hupenya karatasi nyepesi na huweza kuhamisha wino wa maandishi hadi kwenye rangi iliyo chini. Kwa sehemu zenye umbo gumu, kama ndani ya tairi au kwenye taa, plastisini wanayotumia watoto wa shule huziba vyema.

USIPOZIBA UFA

Tepu ikishakaa, kandamiza ukingo wake kwa ukucha au kijiti cha kuchokolea meno, hasa inapovuka mfereji wa mlango au kiungo cha mwili. Hata hivyo, ukandamize vipi, nyufa ndogo zisizoonekana hubaki.

Hapa ndipo ilipo siri ambayo mafundi wengi hujifunza baada ya hasara. Kabla ya kupuliza buluu, puliza kwanza tabaka jepesi la manjano ileile juu ya ukingo wa tepu. Ikiwa kuna ufa, kitakachopenya ni manjano juu ya manjano, na hakuna atakayejua. Rangi hiyo ikikauka huwa imeziba kila mwanya, na buluu ikija haina pa kupitia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mpuliza rangi, methali hiyo si fumbo. Ni maagizo ya kazi.

Buluu yenyewe ipulizwe kwa tabaka nyembamba tatu au nne, kila moja ikingoja iliyotangulia ikauke kidogo. Elekeza rangi wima, au kutoka upande wa tepu kwenda nje, kamwe si kuelekea chini ya ukingo. Kwa brashi ya hewa, umbali wa sentimita 5 hadi 10 unatosha. Kwa kopo, sentimita 20 hadi 25. Anayetumia kompresa ya kujazia magurudumu upepo ahakikishe ina kidhibiti, kwa sababu brashi ya hewa huhitaji psi 15 hadi 20 pekee. Hewa kali husukuma rangi chini ya tepu.

Usisubiri buluu iwe ngumu kabisa ndipo ubandue. Ikishafikia kiwango cha kuguswa bila kunata, ikunje tepu ijirudie yenyewe na kuivuta polepole kwa pembe kali. Ukiivuta juu moja kwa moja, huenda ikabeba ukingo wa rangi. Gundi ikibakia, igongegonge kwa kipande kipya cha tepu badala ya kukimbilia thina.

VUMBI, UNYEVU NA JUA

Ganze ni eneo kame, na vumbi ni jirani wa kila siku. Mwagia maji sakafu au ardhi unapofanyia kazi, na ufunike kigari kwa boksi safi kinapokauka. Wakati mzuri ni asubuhi umande ukishatoka na kabla ya upepo kushika kasi.

Msimu wa mvua una balaa yake. Rangi za gari zinazokauka haraka huvuta unyevu wa hewani na kuota ukungu mweupe, na maji hujikusanya ndani ya tangi la kompresa kisha kurushwa pamoja na rangi. Tangi limwagwe maji kila kabla ya kazi. Aidha, kigari kilichofungwa tepu kisiachwe juani. Gundi huyeyuka na kugandama.

KUJIFUNIKA MWENYEWE

Anayefunika kigari asisahau kujifunika mwenyewe. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa thina. Kinachohitajika ni barakoa yenye vichujio vya mkaa maalumu, pamoja na kufanyia kazi mahali pa wazi, mbali na jiko, kwa kuwa mvuke huo hushika moto upesi.

Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha kazi ya upakaji rangi mwaka wa 1989 miongoni mwa zile zinazosababisha saratani kwa binadamu. Rangi za gari zinazochanganywa na dawa ya kugandisha huweza kuleta pumu, na hazifai kabisa kutumiwa na watoto wala karibu nao. Kwa kigari cha sentimita 20, rangi ya maji inatosha.

Fundi anayeimudu kazi hii kwenye kigari hana kigeni cha kujifunza akiingia gereji ya magari halisi. Tepu ni ileile, ufa ni uleule, na mwenye gari atakagua mstari wake kwa jicho lilelile. Rangi hupulizwa kwa dakika chache. Kufunika kunaweza kuchukua mchana kutwa, na ni mchana huo unaoamua kama kazi ya wiki mbili itauzwa au itarudi kwenye msasa.