"Thank You" na Ndugu Zake: Namna ya Kushukuru kwa Kiingereza



Kwa Kiswahili shukrani ni nyepesi ulimini. Neno "asante", ambalo wengi wetu huliandika "ahsante", limetokana na Kiarabu "ahsanta", yaani umefanya vyema. Watu wakiwa wengi tunasema "asanteni". Kiingereza hakina wingi huo. "Thank you" ni ile ile kwa mtu mmoja na kwa msikiti mzima. Hapo pana nafuu. Ugumu uko kwingine, na mwanafunzi wa Kurasini atakutana nao mapema. Akiingia Kidato cha Kwanza masomo karibu yote hugeuka Kiingereza, na akimaliza shule bandari iko mlangoni, pamoja na mabaharia wake, mawakala wa meli na madereva wa malori ya Zambia.

Tuchukue jambo la chai. Kwetu sisi, ukikaribishwa ukasema "asante" huku mkono uko kifuani, mwenyeji anaelewa kuwa umeshiba. Mwingereza akikuuliza "Would you like some tea?" nawe ukajibu "Thank you" tu, atamimina, kwa sababu amesikia umekubali. Sasa fikiria ni Alhamisi na umefunga Sunna! Kukataa kwa adabu ni "No, thank you", na ukitaka ongeza "I'm fasting". Kukubali ni "Yes, please". Hiyo "please" wengi wetu huisahau, kwa kuwa Kiswahili hakituhimizi kusema "tafadhali" kila tunapopokea kitu, na mgeni asiyetujua huenda akadhani hatukulelewa.

Makosa ya sarufi yako mengi lakini matatu ndiyo tunayoyasikia kila siku. "Thanks you" si sahihi. Ni "thanks" au "thank you". "Thanks God" vile vile, sema "Thank God". La tatu ni "Thank you for help me". Kiswahili husema "kwa kunisaidia", na Kiingereza baada ya "for" hutaka kitenzi chenye "-ing": "Thank you for helping me."

Katika mazungumzo ya siku hizi, "Thank you very much indeed" ya vitabu vya zamani imekuwa nzito. Watu husema "Thanks", "Thank you so much" au "I really appreciate it". Angalieni hii ya mwisho: ikifuatwa na "if" inageuka ombi. "I'd appreciate it if you came early" maana yake ni tafadhali uwahi. Kwenye barua ya kuomba kazi, au mwisho wa usaili, "Thank you for your time" inatosha.

"Thanks a lot" ni shukrani ya kawaida, ila inategemea sauti. Ikivutwa huwa kejeli, kama vile mtu akikumwagia maji nawe ukamwambia "Haya, ahsante bwana!" Na Waingereza wana "Cheers", ambayo ni "asante" ya mitaani, lakini neno hilo hilo husemwa walevi wanapogonganisha glasi zao. Ukiambiwa, elewa umeshukuriwa. Kuitumia sisi wenyewe hatuoni haja.

Je, ukishukuriwa? Hapa tunapenda kutafsiri "karibu" na kujibu "Welcome". Peke yake hiyo ni ya kumpokea mgeni mlangoni. Jibu ni "You're welcome". Vijana wenye Kiingereza chao husema zaidi "No problem", na baina ya rafiki haina ubaya. Kwa mtu mzima ni bora "My pleasure" au "Not at all".

Baina yetu Waislamu "Jazakallahu khayran" haina mbadala. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa mwenye kumwambia hivyo aliyemtendea wema amefikisha shukrani. Kwa mwanamke ni "jazaki", kwa wengi "jazakumu". Waislamu wa Uingereza na Marekani huisema kwa Kiarabu vile vile, au kwa Kiingereza "May Allah reward you". Kwenye ujumbe wa simu, "Thx" kwa rafiki tunaivumilia. Dua kuifanya "JZK" hatuipendi, iandikwe yote.