Daftari la Maisha kwa Kosa la Utotoni

Mfanyakazi anayekwenda kuomba kazi huulizwa jina lake, umri wake, na kazi alizozifanya zamani. Huko Marekani wako watu ambao, kabla hawajafumbua kinywa, jibu lao limekwisha kutangazwa. Majina yao yamo katika daftari la wakosaji wa makosa ya kujamiiana, nao waliingizwa humo wangali watoto.

Tusieleweke vibaya. Mtoto aliyenajisiwa ameumizwa kweli, awe aliyemnajisi ni mtu mzima au kijana wa miaka 14, na serikali isiyomlinda mtoto huyo imeacha kazi yake. Wala sheria hizi hazikuzuka bure. Mwaka 1989 mvulana wa miaka 11, Jacob Wetterling, alitekwa nyara katika jimbo la Minnesota. Mwaka 1994 Megan Kanka, binti wa miaka 7, aliuawa New Jersey na jirani aliyekwisha kuhukumiwa zamani kwa makosa ya namna hiyo. Mwaka huo huo majimbo yakatakiwa yaweke daftari, na mwaka 1996 yakatakiwa yawatangazie wananchi. Wazazi walitaka kumjua jirani yao. Nani angethubutu kuwalaumu?

Lakini mwaka 2006 Rais George W. Bush alitia sahihi sheria ya Adam Walsh, na humo watoto wa miaka 14 na zaidi, waliopatikana na makosa mazito, wakafungwa katika kamba moja na watu wazima. Kijana wa namna hiyo hutakiwa aende mwenyewe kuripoti kila baada ya miezi mitatu. Akihama nyumba, akibadili kazi au shule, ana siku tatu tu za kazi za kutoa habari. Muda wake ni maisha. Akiwa na mwenendo safi, baada ya miaka 25 anaweza kufutwa. Asipojiandikisha, sheria ya nchi nzima yaweza kumtia gerezani hata miaka 10. Jimbo lisiloitii sheria hii hupoteza sehemu moja katika kumi ya fedha fulani za polisi na mahakama.

Na ni nchi hiyo hiyo iliyofungua mahakama ya watoto mjini Chicago mwaka 1899, kwa imani kwamba mtoto hurekebishika na kwamba kosa lake lisitangazwe sokoni!

Mwaka 2003 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani, katika kesi ya watu wazima wa Alaska, iliamua kwamba kuandikwa huko si adhabu, bali ni utaratibu tu wa kuwalinda wananchi. Sisi twaona neno hilo ni gumu kulimeza. Kama kumnyima mtu nyumba na kazi si adhabu, basi kijana aliyefukuzwa na mwenye nyumba mara tatu atuambie ni nini.

Je, daftari hilo lawalinda watoto? Mwaka 2016 mtaalamu mmoja, Michael Caldwell, alikusanya matokeo ya uchunguzi wa vijana zaidi ya 33,000 waliofanya makosa hayo. Waliorudia, katika muda wa miaka karibu mitano, walikuwa wachache kuliko 5 katika kila 100. Mtu atasema hata mmoja ni wengi, nasi twakubali. Ila uchunguzi wa South Carolina haukuona kwamba kuandikwa kulipunguza idadi ya wanaorudia. La kutisha zaidi lilitoka mwaka 2018: vijana walioandikwa walionekana kujaribu kujiua zaidi kuliko wenzao wasioandikwa, na kufuatwa zaidi na watu wazima wanaotaka kuwanajisi. Daftari lililotungwa kumlinda mtoto linamwonyesha mbaya wake mtoto wa kumwinda.

Tena mara nyingi aliyeumizwa ni ndugu au jamaa wa mkosaji. Jina la kaka likitangazwa, majirani hawahitaji kuambiwa dada ni nani. Mzazi anayejua hayo huenda akaficha jambo lote, na mtoto aliyeumizwa akakosa msaada.

Mahakama za majimbo zimeanza kushtuka. Ohio, jimbo la kwanza kuhesabiwa kuwa limetimiza sheria ya 2006, liliona mahakama yake ya juu mwaka 2012 ikisema kwamba kumwandika mtoto maisha bila hakimu kupima ni adhabu ya kikatili isiyo ya kawaida. Pennsylvania ilifuata mwaka 2014, ikikataa dhana kwamba kila kijana wa namna hiyo atarudia. Colorado nayo mwaka 2021 ikavunja daftari la maisha kwa watoto waliopatikana na kosa zaidi ya mara moja.

Hatudai kwamba hakimu afumbe macho. Twataka akae na faili la kijana mmoja, asikilize aliyeumizwa, amsikilize daktari, kisha aamue. Kazi hiyo ni ngumu na ina gharama. Orodha ni rahisi, haina haja ya kumtazama mtu usoni, na kwa sababu hiyo majimbo mengi bado yanayo.